Kijicho cha Tiburtzia wa Sasieta

Tiburtzia wa nyumba ya Sasieta alikuwa na shamba lenye rutuba, mume mpole na ng'ombe wenye maziwa mazito, lakini vyote hivyo vilimwishia utamu kila alipoinua macho akaona, ng'ambo ya kijito, paa la nyumba ya Goienetxe. Ndani ya Goienetxe aliishi Benantzia.

Walizaliwa mwaka mmoja na kubatizwa kwenye maji yale yale. Siku ya komunyo yao ya kwanza padri alimsimamisha Benantzia aimbe peke yake mbele ya altare, na Tiburtzia akapewa mshumaa ashike. Nta ikamdondokea kidoleni, akauma meno asilie, na kila mtu aliyemtazama alidhani ameguswa na uimbaji wa mwenzake. Tangu siku ile hakumsamehe.

Benantzia alikuwa na sauti, wala hilo halikuwa na ubishi. Alipoanza kuimba pale kanisani Altzubide, wanaume waliokuwa wakivuta tumbaku nje walizima sigara wakaingia. Tiburtzia naye alijaliwa sikio. Wimbo akiusikia mara moja alikuwa ameshaushika, maneno na mahadhi, hata uwe mrefu kama mahubiri ya Kwaresima. Lakini akifungua kinywa kuuimba, ilitoka sauti ya mkwaruzo.

"Kama gurudumu lisilopakwa mafuta," alisema mumewe, Anixeto, ambaye hakuwa na nia mbaya kabisa. "Lakini mimi nimeshalizoea, mke wangu. Likinyamaza nitadhani mkokoteni umeibwa."

Basi ikawa hivyo kwa miaka mingi. Benantzia aliolewa akabaki pale pale, Tiburtzia akaolewa akabaki pale pale, wakazaa, wakasaidiana kuvuna mahindi na kuchinja nguruwe, wakaazimana chumvi, na roho ya Tiburtzia ikaendelea kumuuma taratibu, kama jino ambalo mtu ameamua kuishi nalo.

Kisha akaja Don Balentin.

Huyu Don Balentin Urretabizkaia alikuwa mtoto wa fundi mishumaa wa mji wa Tolosa. Utotoni alijifunza kinanda cha kanisa, akapelekwa Paris kusomea muziki, akarudi na kifua kibovu na makoti mazuri. Alikuwa akipiga kinanda cha kanisa kubwa la Tolosa na kutunga misa na nyimbo za kwaya, na watu wa mjini walimvulia kofia. Mwaka ule alikuwa na shauku moja tu: kuzunguka milimani akikusanya nyimbo za wazee kabla wazee hawajaondoka nazo.

Asubuhi moja ya vuli Tiburtzia alikuwa mlangoni akipukuchua maharagwe meusi alipomwona bwana mwenye kofia pana na fimbo akipanda njia, anahema. Akapangusa mikono upesi kwenye sketi. Padri alikwisha kutangaza habari za mtu huyo.

"Habari za asubuhi, mama," yule bwana alisema. "Samahani, hapa ndipo Goienetxe?"

"Hapa ni Sasieta."

"Aa. Goienetxe je?"

Tiburtzia alinyoosha mkono akamwonyesha. Alimwonyesha na daraja, akamwonya kuhusu ubao uliooza, maana hakuwa mwuaji. Don Balentin alishukuru, akagusa kofia, akapita. Tiburtzia akarudi kwenye maharagwe yake, na Anixeto alipotoka zizini alimkuta amepukuchua lundo zima, na maganda ameyaweka kwenye kikapu cha maharagwe na maharagwe kwenye maganda.

"Kuna nini?" aliuliza.

"Hakuna kitu. Kuna mtu amepita kwenda kumsikiliza yule malaika wenu."

"Malaika wetu? Mimi nimekuwa na malaika tangu lini?"

"Nyamaza, Anixeto."

Don Balentin alikuja tena wiki iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Kila safari alipita Sasieta, akagusa kofia, akavuka daraja. Baadaye alizoea hata akawa anasema, "Ubao bado mbovu, mama!" Tiburtzia alimjibu kwa tabasamu lililomwumiza mashavu. Kisha alikaa dirishani akitazama. Aliona moshi wa Goienetxe ukipanda, akajua wanamchemshia chokoleti. Upepo ukigeuka alisikia vipande vya sauti ya Benantzia, halafu kimya, na kile kimya ndicho kilichomtesa zaidi, kwa sababu alijua mtu mwenye koti zuri anaandika.

Siku ya kufua wanawake walikutana kwenye hodhi la kijiji. Benantzia alikuwa amefunga kitambaa kipya kichwani.

"Ameniletea Don Balentin," alisema kabla hajaulizwa. "Nikamwambia, aa, wewe, mimi mtu wa shamba, kitambaa cha hariri nitakwenda nacho wapi? Akasema: nenda nacho kufua."

Wanawake wakacheka. Tiburtzia akalipiga shati la mumewe jiweni kana kwamba Anixeto bado yumo ndani.

"Na juzi," Benantzia aliendelea, "nimemwimbia ule wa kumlaza mtoto. Ule wa kondoo mweupe. Machozi yalimlengalenga."

Tiburtzia aliacha shati. "Upi?"

"Wa kondoo mweupe."

"Huo wimbo ni wa Sasieta."

"Ni wa watu wote, mwenzangu."

"Ni wa kwetu! Mama alinilaza nao mimi. Wewe uliusikia kwetu, ulipokuja kulala mwaka ule mama yako alipougua. Umekula kwetu, umelala kwetu, na wimbo ukabeba!"

"Sasa ulitaka niuache ukitandwa na buibui? Nyumba yenu mliimba lini? Mkiimba, kuku wanaacha kutaga."

Pale wanawake hawakucheka kwa sauti, lakini mabega yao yalitikisika. Tiburtzia alikusanya nguo zake, nyingine hazijasuuzwa, akaondoka na povu likimtiririka hadi kwenye viatu. Kwa siku tatu mashati ya Anixeto yalimwasha mgongo, na mwenyewe akajikuna bila kuuliza.

Safari iliyofuata, Don Balentin alipotokea kwenye njia, alikuta meza imetandikwa. Kulikuwa na mkate wa mahindi wa moto, maziwa, mayai yaliyokaangwa na samaki wa chumvi, na jagi la mvinyo wa tufaha. Tiburtzia alikuwa amesimama katikati ya njia kama mlango uliofungwa.

"Leo hupiti, Don Balentin. Umenipita vya kutosha. Mimi pia nina nyimbo."

Yule bwana alikula kwa adabu, tena alikula sana. Kisha akatoa kalamu. Tiburtzia akaimba wimbo wa mavuno.

"Mzuri," alisema Don Balentin kwa upole. "Huo ninao tayari. Benantzia aliniimbia."

Akaimba wa Mtakatifu Agata.

"Huo pia ninao."

Akaimba wa harusi, akaimba wa mlevi aliyepotea nyumba, akaimba wa nahodha na binti. Kila mara yule bwana alitikisa kichwa taratibu, kama daktari mbele ya ndugu wa mgonjwa. Benantzia alikuwa amepita kila mahali kabla yake, kama mbuzi kwenye bustani, hakubakiza hata jani. Don Balentin alianza kufunga kalamu.

"Upo mmoja," Tiburtzia alisema ghafla. "Huo Benantzia haujui. Ulikuwa wa bibi yangu, mama wa baba. Alikuwa akiuimba peke yake. Ila leo maneno yamenitoka."

Macho ya Don Balentin yaliwaka. "Utayakumbuka?"

"Wewe njoo tu. Nitayakumbuka."

Don Balentin alipovuka daraja kwenda Goienetxe, Anixeto, aliyekuwa amekaa pembeni akitafuna kimyakimya, alimtazama mkewe.

"Bibi yako alikuwa anaimba?"

"Alikuwa anaimba."

"Mimi nilimkuta hai. Sikumbuki."

"Wewe unakumbuka nini? Hata siku ya kuzaliwa kwa mwanao huikumbuki."

Sasa alikuwa ameingia mtegoni kwa miguu yake mwenyewe. Wimbo wa bibi haukuwapo. Yule marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa kiziwi wa mahadhi. Padri wa zamani alimwomba amsifu Mungu kwa kufungua mdomo tu bila kutoa kitu. Tiburtzia alijaribu kuunganisha kipande cha wimbo huu na cha ule, lakini kila alipounganisha alisikia mshono. Alichanganyikiwa, akawa mkali kwa kila mtu, akaunguza maharagwe.

Jioni moja alikuwa zizini akikamua. Kupitia dirisha dogo aliona moshi wa Goienetxe umesimama wima angani, mwembamba, umenyooka, wakati moshi wa kwao ulikuwa umelala juu ya paa kama paka mgonjwa. Hata moshi, alijisemea. Hata moshi wake! Na maneno yakatoka yenyewe, kwa mwendo wa mikono yake kwenye chuchu za ng'ombe:

Moshi wa jirani wima,
wangu walala paani;
upepo una huruma,
ila kwangu hauoni.

Alipofika kwenye neno upepo, ng'ombe alipiga teke ndoo. Tiburtzia alipaza sauti kwa hasira, juu kabisa, neno likiwa bado kinywani, na ule ukelele ukamfurahisha. Akaurudia. Akarudia shairi zima, na ukelele ndani yake. Maziwa yalikuwa yanatambaa sakafuni naye anaimba, analia, hajui analia kwa nini. Hadi wiki ilipokwisha alikuwa na beti nyingine, za mlango usiobishwa na za njia inayopita mbele ya nyumba bila kusimama.

Don Balentin aliporudi, Tiburtzia alimwimbia. Alifumba macho ili asimwone akitikisa kichwa. Alipomaliza hakusikia kalamu. Akafumbua. Yule bwana alikuwa amevua miwani.

"Rudia tena, tafadhali."

Akarudia.

"Bibi yako alikuwa mjane?"

"Alikuwa na mume," Tiburtzia alisema, "lakini alikuwa na jirani."

Don Balentin aliandika kila kitu, akamwomba arudie ule mpando wa upepo mara nyingi hadi koo likamwasha, akakunja karatasi zake akaziweka ndani ya koti upande wa moyo. Kisha akageuka akashuka njia ya Tolosa. Hakuvuka daraja. Tiburtzia alisimama mlangoni mpaka kofia ilipopotea kwenye kona, kisha akatazama Goienetxe, ambako moshi wa chokoleti ulikuwa tayari umepanda, na siku hiyo alikula kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akashiba, akalala kama mtoto.

Benantzia alisubiri wiki hiyo, akasubiri na iliyofuata. Don Balentin hakuonekana tena mlimani. Alikuwa amejifungia kwake anatunga.

Mwaka uliofuata, kwenye sikukuu ya Mtakatifu Yohana, padri aliwaletea wanawake wote wawili tiketi kutoka Tolosa. Kwaya ya mji na okestra wangeimba utungo mpya mkubwa wa Don Balentin, unaitwa Mwaka Mlimani. Wakaenda pamoja kwa mkokoteni wa Anixeto, wamevaa nguo nyeusi za Jumapili, hawasemi. Benantzia alikuwa na kitambaa chake cha hariri.

Ukumbi ulijaa. Kwaya iliimba mavuno, ikaimba harusi, na kila wimbo ulipoanza Benantzia alinong'ona, "Huo ni wangu. Na huo. Huo pia." Tiburtzia alibana meno. Kisha kwaya ikanyamaza, filimbi moja ikabaki, na binti wa mwenye duka la chokoleti akasimama peke yake na gauni jeupe. Akaimba moshi.

Tiburtzia hakuwa amewahi kuusikia kwa sauti nzuri. Aliposikia maneno aliyoyatoa zizini, na harufu ya samadi imeondolewa, na zeze zikiubeba ule ukelele wake kama watu wanavyobeba mtakatifu kwenye maandamano, alishika kiti cha mbele. Watu walikuwa wanafuta macho. Binti alipomaliza ukumbi uliinuka; wakataka urudiwe, ukarudiwa. Alipewa maua mengi hata hakuona njia ya kushukia.

Kisha Don Balentin akapanda jukwaani, amepauka kwa furaha. "Wimbo huu si wangu," alisema. "Umetoka kwa bibi mmoja wa nyumba ya Sasieta, kule Altzubide, aliyekufa bila mtu kumjua. Heshima hii ni yake. Mjukuu wake yuko nasi."

Watu wakageuka. Wakamshika mikono, wakambusu. "Bibi uliyekuwa naye, mama!" "Mwenye roho kama ile!" "Laiti angekuwa hai!" Tiburtzia aliitikia, asante, asante, huku ndani kitu kinamchoma ambacho mwanzo hakukitambua, kwa kuwa ni kile kile cha siku zote lakini kimebadili nyumba. Alikuwa anamwonea wivu bibi yake. Alimwona kule kaburini, yule mzee aliyekuwa akifungua mdomo bila kutoa kitu, amejaa maua.

Walirudi kabla jua halijatua. Anixeto alitembea mbele na fahali. Wanawake walikaa nyuma. Walipopita kinu cha mwisho Benantzia akasema:

"Bibi yako."

"Nini bibi yangu?"

"Mama yangu alikaa naye benchi moja kanisani maisha yake yote. Alituambia alikuwa akitoa sauti mara moja kwa mwaka, siku ya Pasaka, na watoto walilia."

Tiburtzia alitazama magurudumu.

"Umeutunga wewe," Benantzia alisema.

"Nenda kawaambie basi. Rudi Tolosa ukawaambie. Si ndicho unachokitaka?"

"Na moshi ni wangu."

"Nini?"

"Ule moshi uliosimama wima. Nyumba gani nyingine unaiona kutoka zizini kwenu? Ni moshi wangu mimi. Mnaniimba ukumbi mzima na kuninyima hata kuniambia!" Sauti yake, ile sauti maarufu, ilikatika. "Mimi nimeimba tangu utoto, Tiburtzia. Nimeimba za watu wote. Unajua nimejaribu mara ngapi kutunga hata mstari mmoja? Nakaa, natoa macho, naona ukuta. Leo nimekaa pale yule mtoto anaimba, nikatamani ukumbi uungue."

Tiburtzia alimgeukia. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba Goienetxe pia kuna dirisha linalotazama Sasieta.

"Kweli umetamani uungue?"

"Wote ndani. Ila Anixeto, alikuwa nje na fahali."

"Nimesikia!" alisema Anixeto. "Mungu akubariki."

Wakacheka pamoja kwa mara ya kwanza tangu ugomvi wa hodhini, halafu wakanuniana tena kabla ya kufika, kwa sababu Benantzia alisema mpando wa upepo ungekuwa bora zaidi kama ungekuwa mfupi.

Jumamosi iliyofuata Tiburtzia alimwachia Anixeto maharagwe waliyokuwa wakiuza kila Jumamosi sokoni Tolosa, akaenda kanisa kubwa. Don Balentin alikuwa juu, kwenye kinanda.

"Don Balentin, ule wimbo nimeutunga mimi. Bibi yangu hakuwa na wimbo wowote."

Alicheka kwanza. "Mama, watu wa mlimani mna aibu ya ajabu. Pale upepo unapopanda, mtu mmoja hawezi kukitunga kitu kile. Kinahitaji karne."

"Kilihitaji ng'ombe. Alipiga teke ndoo, nikapiga kelele, ikanipendeza nikaiacha."

Kicheko kilimwisha. Akaviondoa vidole vyake kwenye kinanda kimoja kimoja.

"Nimesoma Paris," alisema. "Misa nimeandika, nyimbo nimeandika, kifua changu nimekiua kwa kuandika. Na sasa nikipita mtaani wavulana wanapiga mbinja kitu kimoja tu, na hicho si changu. Nilijipa moyo. Nikasema ni cha wahenga, nani atashindana na wahenga? Marehemu sikumwonea wivu. Leo unaniambia ni wewe, uko hai, unauza maharagwe pale chini, na mimi nakupita kila Jumamosi nakuamkia."

Tiburtzia aliuona uso ule na kuutambua mara moja. Alikuwa akiuvaa yeye mwenyewe tangu siku ya mshumaa. Angeweza kumhurumia. Badala yake alisikia raha, raha ya mtu aliyekunwa mgongo mahali asipofika mwenyewe.

"Unataka nifanye nini?" Don Balentin aliuliza.

"Uandike jina langu."

"Nitaandika."

Na aliandika, kwa namna yake. Kitabu cha Mwaka Mlimani kilipochapwa padri alikileta Sasieta, akaweka kidole chini ya wimbo wa moshi na kusoma: "Wimbo wa kale. Ulisikika kwa Tiburtzia wa nyumba ya Sasieta."

"Soma tena, padri."

"Ulisikika kwa Tiburtzia..."

"Ulisikika kwangu! Kama kikohozi!"

"Lakini jina lipo, mwanangu."

"Na jina la ng'ombe angeliweka basi, maana naye alisikika."

Hakwenda tena kumwona. Don Balentin naye tangu hapo aligundua njia nyingine ya kufika kanisani, ndefu zaidi, isiyopita sokoni.

Tiburtzia hakuacha kutunga. Hakuweza. Kila kitu cha Goienetxe kilichomkwaza kilitoka kinywani kikiwa na mahadhi: paa lao jipya, mkwe wao mchapakazi, mti wao wa tufaha uliokataa kuugua mwaka miti yote ilipougua. Na kwa kuwa sauti yake ilibaki ile ile ya gurudumu, alivuka daraja mwenyewe, akasimama mlangoni kwa Benantzia akiwa amekunja uso.

"Nina mwingine."

"Unanitukana mimi tena?"

"Kidogo."

"Ingia."

Benantzia aliuimba kwenye harusi, kwenye kupukuchua mahindi, kwenye sikukuu ya kijiji, na hakuwahi kuficha. "Ameutunga Tiburtzia," alisema kila mara. Lakini watu ni watu, walimpa Benantzia kiti kizuri na kipande cha kwanza cha keki, na kumwambia, "Wimbo wako umetutoa machozi." Tiburtzia, kwenye benchi la nyuma, alitafuna kipande chake cha pili na kukiona kidogo. Mara nyingine walikaa mwezi mzima hawasemezani kwa ajili ya neno moja ambalo Benantzia alilibadilisha ili limkae vizuri kooni. Kisha Tiburtzia akatunga wimbo juu ya hilo, na ikabidi waongee, maana nani mwingine angeuimba?

Don Balentin alikufa kwa kifua chake, na kwaya ikamwimbia moshi njia nzima hadi makaburini. Gazeti la Tolosa liliandika kwamba mahadhi yake yataishi milele. Tiburtzia aliposomewa alisema tu, "Anapumzika sasa. Mimi bado," akaenda kukamua.

Miaka michache baadaye, mwishoni mwa baridi, Benantzia alianza kukosa pumzi. Sauti ilitangulia kuondoka. Tiburtzia alikuwa akivuka kila asubuhi na maziwa, anakaa kando ya kitanda, na siku moja Benantzia akamwashiria ainame.

"Niimbie," alisema kwa mnong'ono.

"Mimi? Unataka ufe haraka?"

"Niimbie wimbo wa moshi kwa huo huo mkokoteni wako. Nataka nisikie ulivyokuwa kabla sijautengeneza."

Tiburtzia aliimba moshi, kwa kukwaruza, na ule ukelele wa ndoo mahali pake. Benantzia alisikiliza hadi mwisho.

"Kweli," alisema. "Ule mpando usingekuwa mzuri kama ungekuwa mfupi." Na baada ya kupumzika: "Ila usimwambie mtu nimesema."

Alikufa wiki hiyo. Kwa desturi yao jirani wa karibu ndiye anayetangulia maandamano siku kama hiyo, kwa hiyo ni Tiburtzia aliyebeba mshumaa na mkate wa sadaka ya marehemu kutoka Goienetxe hadi kanisani, mbele hata ya watoto wa marehemu. Njia ilijaa. Walikuja watu wa mabonde ambayo hakuyajua, mapadri wa parokia jirani, wanaume wazima wanaolia na bereti mkononi, na hata yule binti wa duka la chokoleti, sasa mama mnene, amekodi gari kutoka mjini.

Walipomaliza, Anixeto alimshika mkewe mkono wapande nyumbani. Tiburtzia aligeuka kutazama umati uliokuwa bado umejaa mbele ya kanisa, hautaki kuondoka.

"Waone walivyo wengi," alisema. "Kwangu hawatakuja nusu yao."

"Watakuja, mke wangu."

"Hawatakuja. Nani atawaimbia?"

Na akalia njia nzima hadi Sasieta, akimlilia Benantzia na kumlaumu, na Anixeto hakujaribu kumnyamazisha.